Mkono wa Tatu: Historia ya Roboti Zinazogeuka na Nyumba Zilizozihifadhi

Historia ya vitu vya kuchezea huandikwa kwa kawaida kama historia ya makampuni. Tunaambiwa nani alibuni, nani alinunua leseni na nani alitangaza kwenye televisheni; kisha mtoto anakua, kichezeo kinatupwa, na simulizi linaishia hapo. Kwa roboti zinazogeuka, zile zilizojulikana duniani tangu mwaka 1984 kwa jina la Transformers, simulizi la namna hiyo lina pengo kubwa. Linaeleza mikono miwili iliyozitengeneza, yaani mkono wa fundi wa Tokyo na mkono wa mfanyabiashara wa Rhode Island, lakini linausahau mkono wa tatu: watu wa kawaida waliozikusanya, wakazipanga kwenye rafu na makabati ya vioo majumbani mwao, na kuendelea kuzichunguza wakati wenye viwanda walikuwa wameshazipa kisogo. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba bila mkono huo wa tatu roboti hizi zingebaki bidhaa ya msimu mmoja iliyopita na upepo wake. Waliozitunza nyumbani ndio walioziokoa, ndio waliofukua sehemu kubwa ya historia yake, na hatimaye ndio waliobadilisha hata namna zinavyotengenezwa. Wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waundaji wake.

Tuanze na mkono wa kwanza. Japani ya miaka ya 1970 ilijaa roboti za televisheni, na viwanda vya vichezeo vilishindana kuzileta mikononi mwa watoto. Mwaka 1974 kampuni ya Popy, tawi la Bandai, ilitoa Mazinger Z wa aloi ya zinki katika mfululizo ulioitwa Chogokin, na roboti ikapata uzito wa chuma. Mwaka uliofuata Popy ikatoa Raideen, aliyeweza kugeuka ndege kama alivyofanya kwenye televisheni. Takara, kampuni iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1955 na kujulikana zaidi kwa mwanasesere Licca, ilifika huko kwa njia nyingine. Ilikuwa na leseni ya kuuza nchini Japani mwanajeshi wa kuchezea wa kampuni ya Hasbro, G.I. Joe, na kutokana na umbo lake ikaunda mwaka 1972 kiumbe nusu mtu nusu mashine chenye mwili unaopenya mwanga, Henshin Cyborg. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, plastiki, ambayo hutokana na mafuta hayohayo, nayo ikawa ghali. Mwanasesere wa sentimita 30 akawa mzigo kwa kiwanda. Takara ikapunguza kimo, na mwaka 1974 ikaja na Microman, mtu wa takriban sentimita 10 tu. Ufupi huo ukafungua mlango ambao haukutarajiwa, kwa sababu mtu mdogo anaweza kujengewa gari, ndege na ngome, na vyote vikabaki na bei ambayo mzazi anaimudu.

Mwaka 1980 Takara ilizindua Diaclone. Humo rubani alikuwa kijitu cha plastiki kama urefu wa kifundo cha kidole, chenye sumaku kwenye nyayo ili kisimame juu ya chuma bila kuanguka, na roboti ilikuwa chombo chake tu. Mwaka 1982 ikaongezwa familia ya Car Robots, magari ya barabarani yanayotambulika, ya Nissan, Lamborghini na mengineyo, ambayo boneti ziligeuka kifua na milango ikawa mabawa. Wabunifu kama Hideaki Yoke na Kojin Ohno walikuwa kwenye kazi hiyo, na Shoji Kawamori, kijana aliyekuja kupata sifa kubwa kwa tamthilia ya Macross, naye alichangia Diaclone. Mwaka 1983 Microman nao wakapata tawi lao, Micro Change, lililosimama juu ya wazo moja la kijasiri: kifaa chochote cha nyumbani chaweza kuwa roboti iliyojificha, tena kwa kimo chake halisi. Mtazame Cassette Man, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Soundwave. Ni boksi dogo lenye umbo la kinasa sauti cha mfukoni. Ukibonyeza kitufe, mlango wa kifua hufunguka na kaseti ndogo hutoka. Ukiikunjua kaseti hiyo, inakuwa ndege au mnyama wa miguu minne. Silaha zake mbili hukunjwa zikapata umbo la betri, na mahali pake pa kuwekwa ni palepale ambapo betri zingekaa. Hakuna kipande kinachobaki nje. Fundi aliyewaza hivyo hakuwa akitengeneza pambo. Alikuwa akitatua fumbo la umbo, na jibu lake akalificha ndani ya plastiki ili mtoto alivumbue kwa vidole vyake.

Hata hivyo, ufundi peke yake haukutosha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hapa kizuri kilishindwa kujiuza. Takara yenyewe ilijaribu kuyapeleka magari ya Diaclone Marekani, kwa jina la Diakron, na soko halikutikisika. Sababu naiona katika asili ya vichezeo vyenyewe: roboti ya Diaclone haikuwa na jina lake, haikuwa na tabia, haikuwa na adui wala rafiki. Ilikuwa gari la mtu mwingine. Hapo ndipo mkono wa pili ulipoingia. Mwaka 1983 Hasbro, iliyokuwa na makao yake Pawtucket, Rhode Island, ilivutiwa na bidhaa za Takara, na anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeishawishi ni Henry Orenstein, mvumbuzi wa vichezeo aliyezaliwa Poland mwaka 1923 na kunusurika kambi za mateso za Wanazi kabla ya kuhamia Marekani. Hasbro ilichukua kalibu za Diaclone na za Micro Change kwa pamoja, ikamtoa rubani, na kuamua kwamba roboti zenyewe ndizo zilizo hai. Kazi ya kuzipa uhai ilikwenda kwa kampuni ya katuni ya Marvel. Jim Shooter aliandika msingi wa hadithi ya vita kati ya makundi mawili ya roboti, Autobots na Decepticons. Dennis O'Neil akalitoa jina la kiongozi wa Autobots, Optimus Prime. Bob Budiansky akaandika wasifu wa roboti moja baada ya nyingine na kuzipa nyingi majina yake.

Mwaka 1984 kila kitu kilikutana. Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani, chini ya mwenyekiti wake Mark Fowler, iliondoa mwaka huo ukomo wa muda wa matangazo ya biashara kwenye vipindi vya televisheni, na katuni zilizojengwa juu ya vichezeo zikapata uwanja mpana. Katuni ya kuchapishwa ya Marvel ilipangwa iwe ya matoleo manne tu. Ikafika 80 kabla ya kufungwa mwaka 1991. Ile ya televisheni ilianza Septemba 1984 na kufikia vipindi 98. Vichezeo vyenyewe vilibaki na alama za kuokotwa kutoka familia mbalimbali. Kwa kuwa Micro Change ilifuata kimo halisi cha vifaa vya nyumbani, na Diaclone ilifuata kimo cha kijitu chake, bastola ya Megatron iliyoigwa kutoka Walther P38 inalingana kwa ukubwa mezani na ndege ya kivita F-15 ya Starscream. Na katika baadhi ya magari ya 1984 kiti kidogo cha dereva bado kipo, kitupu, ndani ya kiumbe ambacho hadithi mpya inasema hakihitaji dereva. Mtoto wa wakati ule hakuambiwa kiti hicho ni cha nani. Maelezo hayo yalikuja baadaye, na hayakuletwa na kiwanda.

Dalili ya kwanza kwamba mkono wa tatu upo ilijitokeza kwa uchungu mwaka 1986. Filamu ya sinema ya Transformers ya mwaka huo, ambayo Orson Welles aliitolea sauti ya sayari-jitu Unicron muda mfupi kabla ya kifo chake, ilimuua Optimus Prime katika sehemu yake ya mwanzo. Uamuzi huo ulifuata hesabu za duka: bidhaa za 1984 zilikuwa zikiondolewa rafuni kupisha mpya, na kwa mantiki ya biashara mhusika asiyeuzwa tena hana kazi. Watoto walilia kwenye kumbi za sinema, na wazazi wakalalamika. Mwanzoni mwa 1987 katuni ya televisheni ikalazimika kumfufua. Tukio hili huchukuliwa kama kisa cha kampuni kutojua mapenzi ya wateja wake, lakini mimi naliona kuwa zito zaidi. Pande mbili zilikuwa na majibu mawili tofauti kwa swali la kitu hiki ni nini. Kwa muuzaji kilikuwa bidhaa yenye tarehe ya mwisho. Kwa aliyekiweka chumbani kwake kilikuwa kitu chenye historia, na historia haifutwi kwa sababu kalibu mpya imefika. Katika mvutano huo upande wa nyumbani ulishinda, na ushindi ule mdogo ndio mwanzo wa yote yaliyofuata.

Baada ya hapo biashara ilishuka. Mwaka 1990 Hasbro ilitoa Action Masters, roboti za Transformers ambazo zenyewe hazikuweza kugeuka, jambo lililoondoa kiini chote cha kichezeo. Mauzo ya Marekani yakasimama baada ya mwaka huo, ingawa Ulaya na Japani ziliendelea kwa muda. Jaribio la kufufua jina, lililoitwa Generation 2, lilikuja mwaka 1993 na halikudumu. Kwa hesabu ya kawaida hapa ndipo hadithi ingefungwa, kama zilivyofungwa hadithi za washindani. GoBots za kampuni ya Tonka, zilizotokana na Machine Robo ya Bandai na kuingia Marekani karibu wakati uleule, zilififia, na mwaka 1991 Tonka yenyewe ikanunuliwa na Hasbro. Lakini wakati madukani kumetulia, majumbani kulikuwa na shughuli. Watoto wa 1984 walikuwa wamefika umri wa chuo na wa mshahara wa kwanza. Walivitoa vichezeo vyao kwenye maboksi, wakagundua kwamba bunduki zimepotea na stika zimebanduka, wakaanza kutafutana na kubadilishana vipuri. Mwaka 1994 mkutano wa kwanza wa BotCon ulifanyika Fort Wayne, Indiana, ukiandaliwa na mashabiki wenyewe. Miaka miwili baadaye Hasbro ilitoa Beast Wars, roboti zinazogeuka wanyama, na tamthilia yake iliyotengenezwa Vancouver ikaishia kuirudisha hadithi kwenye meli ileile ya angani ya Autobots ya katuni ya 1984. Waliokuwa na kumbukumbu ya kulielewa jambo hilo walikuwa watu wazima.

Swali la msingi ni hili: watu hawa walifanya nini hasa, zaidi ya kununua? Walifanya utafiti, na rafu ndiyo iliyokuwa chombo chao. Chukua magari matatu, Prowl na Bluestreak wa 1984 na Smokescreen wa 1985. Sanduku la kila mmoja linamweleza kama mtu wa pekee: mmoja askari, mmoja mwenye hofu ya vita iliyofichwa nyuma ya maneno mengi, mmoja mjanja wa kuwapoteza maadui. Ukiwasimamisha watatu hao bega kwa bega kwenye kioo kimoja, unaona mara moja kwamba ni gari moja la Nissan, mabawa yaleyale ya milango, bawaba zilezile kwenye kiwiko, kalibu moja iliyobadilishiwa rangi na vipande vichache. Starscream, Thundercracker na Skywarp wanakiri vivyo hivyo wakiwekwa pamoja. Mtoto mwenye kichezeo kimoja hawezi kuliona jambo hili, na muuzaji hakuwa na sababu ya kulitangaza. Linaonekana tu pale mtu anapokusanya, anapopanga na anapotazama. Upangaji wenyewe ni hoja. Anayepanga kwa kufuata pande za vita anarudia hadithi ya Marvel. Anayepanga kwa mwaka anaonyesha namna chuma kilivyopungua na plastiki ikatawala. Anayepanga kwa kalibu anaufichua uchumi wa kiwanda uliokuwa umefunikwa na hadithi.

Kwa njia hiyo mengi yalifukuliwa. Jetfire wa 1985, aliyeuzwa na Hasbro kama ndugu wa kundi, hakutokana na Takara kabisa. Alikuwa ndege Valkyrie ya tamthilia ya Macross, iliyobuniwa na Kawamori na kutengenezwa na Takatoku, kampuni iliyofilisika mwaka 1984, na nakala zake za mwanzo bado zinabeba kwenye bawa nembo ya jeshi la Macross. Kwenye televisheni hakuthubutu kuonekana kwa sura hiyo. Alichorwa upya na kuitwa Skyfire. Mfano mwingine unanigusa zaidi, kwa kuwa unahusu kichezeo ambacho kampuni haikukitaja wakati huo. Mwaka 1984 Hasbro iliuza magari madogo ya bei nafuu, yakiwemo Bumblebee, aliyekuwa Volkswagen, na Cliffjumper. Ndani ya baadhi ya vifungashio vya Cliffjumper kulikuwa na gari tofauti kabisa, Mazda Familia ndogo kutoka Micro Change, lisilo na jina, lisilo na wasifu, lisilotajwa katika katalogi yoyote. Mtoto aliyelipata aliamini ni Cliffjumper. Ni wakusanyaji waliolinganisha nakala, wakatambua kwamba umbo la paa na la taa halifanani, wakampa kiumbe huyo jina, Bumblejumper, ambaye pia huitwa Bumper. Sanduku lilisema jambo moja, kitu chenyewe kikasema jingine, na aliyekisikiliza kitu alikuwa mtu wa nyumbani.

Kuonyesha nyumbani kuna elimu yake pia, na elimu hiyo ilipatikana kwa hasara. Wahenga wanasema akiba haiozi, lakini plastiki huoza kwa namna yake. Plastiki nyeupe ya ABS hubadilika kuwa ya njano ikipigwa na jua, na Jetfire mweupe ndiye anayejulikana zaidi kwa ugonjwa huo. Kuna waliojifunza kumng'arisha kwa hidrojeni peroksaidi, na kuna wanaoonya kwamba unjano hurudi. Mpako unaong'aa kama kioo kwenye ngumi na makombora hubanduka kwa jasho la mikono. Vichezeo vya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 vilivyotiwa unga wa rangi ya dhahabu ndani ya plastiki vinavunjika kama biskuti kwenye pini na skrubu, hata kama vilikaa miaka yote bila kuguswa. Wakusanyaji ndio walioorodhesha vipi vimeathirika na kuonyana visigeuzwe tena. Kwa hiyo mtunzaji makini huliweka kabati mbali na dirisha, huchagua taa isiyotoa joto, husimamisha roboti nzito kwa namna ambayo vifundo vyake havilemewi, na huachia skrubu zilizokazwa kupita kiasi. Kabati jembamba la vioo la IKEA liitwalo Detolf, lenye kimo cha sentimita 163, lilipata umaarufu miongoni mwao katika nchi nyingi kwa sababu rahisi: linazuia vumbi na linaonekana pande zote nne, na kitu chenye maumbo mawili kinahitaji kuzungukwa kwa macho ndipo kieleweke.

Hatimaye viwanda vilirudi kusikiliza. Kuanzia mwaka 2000 Takara ilianza kutoa upya roboti za 1984, kwa watu waliokuwa wakizikumbuka. Desemba 2003, miaka 20 ilipokuwa inakaribia kutimia, ikatoa Optimus Prime mpya kabisa wa mfululizo wa Masterpiece, mwenye takriban sentimita 30, mwenye chuma mwilini na kifua kinachofunguka kuonyesha Matrix, chombo cha uongozi wake katika hadithi. Bei yake, uzito wake na ugumu wa kumgeuza vilimlenga mtu mzima mwenye rafu. Takara iliungana na Tomy mwaka 2006, na mwaka 2007 filamu ya Michael Bay ikaingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani, na jina likawa la kila mtu. Lakini ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa 2019. Hasbro ilitangaza kwamba itamtengeneza Unicron wa kimo cha inchi 27, kwa dola 575, iwapo tu watu 8,000 wangelipia kwanza. Tarehe ya awali ikapita bila idadi kutimia. Muda ukaongezwa hadi Oktoba, na idadi ikavukwa. Kichezeo ambacho hakikuwahi kuuzwa kwa kimo hicho tangu filamu ya 1986 imwonyeshe mhusika wake kilizaliwa kwa sababu watu walikubali kwanza kukitengea nafasi nyumbani. Mkono wa tatu haukusubiri tena kazi ya mingine miwili ikamilike. Uliingia kiwandani kabla ya kalibu kuchongwa.

Kuna pingamizi, na la kwanza ni zito. Husemwa kwamba mapenzi haya yote yalipandwa na matangazo: kampuni ilitumia uhuru wa 1984 kuwafanya watoto wapende bidhaa, na mkusanyaji wa leo ni mteja yuleyule aliyekua bila kuachiwa. Sikatai kwamba katuni zilikuwa tangazo. Aliyeandika hadithi alilipwa ili kuuza, na kifo cha Optimus kinathibitisha jinsi hadithi ilivyotumikia ghala. Lakini chanzo cha kitu hakiamui mwisho wake. Kama mkusanyaji angekuwa mteja mtiifu tu, angeiamini hadithi ya kwenye sanduku na kununua kilicho kipya. Badala yake alikirudia cha zamani, akaufuatilia ukoo wake hadi Tokyo, akawataja wabunifu ambao masanduku ya 1984 hayakuwataja, akatenganisha nakala halisi na za bandia, na akaonyesha mahali ambapo viumbe watatu ni kalibu moja. Kumjua muuzaji wako kwa undani namna hiyo ni kinyume cha kutekwa naye.

Pingamizi la pili linahusu wanaonunua sanduku na kulifunga, wakisubiri bei ipande. Je, kitu kilichoundwa ili kigeuke kina maana gani kikikaa miaka 40 kimefungwa kwa utepe? Hapa natofautisha. Nakala zilizofungwa zina faida kwa historia, kwa kuwa zinahifadhi karatasi za maelezo, stika ambazo hazijabandikwa na mpangilio wa vipuri vilivyotoka kiwandani. Bila hizo tusingejua kipi ni cha asili. Lakini mkusanyo wa masanduku pekee unahifadhi nusu tu. Ufundi wa Yoke na Ohno hauko katika umbo la gari wala katika umbo la mtu. Uko katika njia kutoka moja hadi jingine, na njia hiyo haionekani kwenye kioo hadi mkono uipitie. Onyesho zuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile linalotolewa kabatini mara kwa mara, kwa uangalifu, na kugeuzwa mbele ya mtu mwingine, hasa mtoto. Anayeweka akiba ya faida ni mfanyabiashara, na hana kosa. Ila si yeye ninayemtetea hapa.

Pingamizi la tatu ni la mazingira na la busara: plastiki imejaa duniani, na kujaza kabati kwa plastiki zaidi ni anasa. Kwa vichezeo vipya vinavyotolewa kila robo mwaka, lawama hii inagusa, na mkusanyaji anayenunua kila toleo bila kuchagua hana jibu jema. Kwa vya zamani mambo ni tofauti. Madhara ya plastiki yanatokana sana na kutengenezwa ili idumu muda mrefu na kutumiwa muda mfupi. Mtu anayeichukua Microman ya 1974 au Prowl wa 1984 na kuirekebisha ili ikae miaka mingine 40 anaifanya plastiki itumike kwa muda unaolingana na uimara wake. Yule anayejifunza kwa nini plastiki ya dhahabu inavunjika amejifunza pia kutoiona plastiki kama kitu cha bure.

Linabaki pingamizi la mwisho, la wanaosema kwamba kazi ya kuhifadhi ni ya makumbusho na kumbukumbu za makampuni, si ya sebule za watu. Makampuni yamekwishajibu kwa matendo yake: Takatoku ilifilisika, Tonka ilimezwa, Takara ikaungana na nyingine, na kila mabadiliko ya namna hiyo yanahatarisha nyaraka. Kuhusu makumbusho, jibu limo ndani ya makumbusho yenyewe. Mwaka 2024 Transformers iliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Heshima la Vitu vya Kuchezea la Marekani, lililo ndani ya makumbusho ya The Strong mjini Rochester, New York. Makumbusho hayo yalitokana na mwanamke mmoja, Margaret Woodbury Strong, aliyefariki mwaka 1969 akiwa amekusanya nyumbani kwake wanasesere zaidi ya 20,000, pamoja na vichezeo na vitu vya maisha ya kila siku ambavyo wataalamu wengi wa wakati wake wasingevipa nafasi. Milango ikafunguliwa kwa umma mwaka 1982, mwaka uleule ambao Takara ilitoa Car Robots. Taasisi ilikuja baadaye, nyumba ilitangulia. Historia ya roboti zinazogeuka imefuata njia hiyohiyo: imelindwa kwanza na watu wasio na cheo, kwa gharama zao, chumbani mwao, mpaka wenye vyeo walipotambua kwamba kuna kitu cha kulindwa. Kitabu chochote kitakachoandikwa kuhusu vichezeo hivi bila kuwapa watu hao sura yao kitakuwa kimeeleza namna vilivyouzwa, na kuacha bila jibu swali la kwa nini bado vipo.